Mbona Hawatoroki? Maisha Ndani ya Banda la Ndege

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo. Mgeni anaingia, kwezi anampita sikioni, mlango uko palepale nyuma yake, na hakuna ndege hata mmoja anayeukimbilia. Mimi ni mtunza ndege katika bustani ya wanyama huku Ujerumani. Banda letu ni la wageni kupita ndani kwa ndani, na ndege wengi waliomo asili yao ni kwetu Afrika Mashariki.

Milango ni miwili, na katikati kuna chumba kidogo chenye giza na pazia la minyororo. Giza ndilo askari. Ndege wa mchana hapendi kurukia mahali asipopaona vizuri. Bustani ya Antwerp, Ubelgiji, ilijenga jumba la ndege mwaka 1948 kwa kanuni hiyohiyo: ndege wanakaa kwenye mwanga, watu wanasimama gizani, na mbele yao hakuna wavu wala kioo. Mabanda ya kupita ndani ni ya zamani zaidi ya hapo. Kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1904 huko St. Louis, Marekani, taasisi ya Smithsonian ilijenga tundu la ndege lenye urefu wa mita 69 hivi na kimo cha mita 15, watu wakipita katikati. Bado limesimama.

Lakini giza pekee halitoshi. Ndege mwenye tawi lake, sahani yake na jirani aliyemzoea hana haraka ya kwenda popote. Akishaanza kuzunguka karibu na mlango, mimi siendi kuukagua mlango. Naangalia ni nani anayemfukuza huko ndani.

Ugomvi ndio unaokula muda wangu. Banda tunaligawa kwa kimo: kanga na wenzao wa ardhini wabaki chini, kwera na kwezi wakae katikati, shorobo, wale ndege wa msituni wenye kishungi, wapewe matawi ya juu wanakopenda kukimbia kama panya. Kwenye karatasi mgawanyo huo unapendeza. Ukifika msimu wa kutaga, kwezi maridadi, yule mwenye tumbo la rangi ya kutu mnayemwona akiokota makombo kwenye kambi za Serengeti, anajitangazia ufalme wa robo ya banda, na hata ndege waliomzidi umbo wanahama. Shorobo madume wawili hawakai pamoja, hilo halina mjadala. Hondohondo hatumweki kabisa na ndege wadogo. Mgeni anamwona mpole na mdomo wake mkubwa, kumbe mayai na makinda kwake ni kitoweo.

Kwera wa Taveta, ndege wa nyanda zinazozunguka Kilimanjaro, tatizo lake ni lingine. Dume lazima asuke. Usipomletea majani mabichi ya mnazi au matete, atachana mimea yote ya bustani mpaka ibaki vijiti. Anauma ukingo wa jani, anarudi nyuma kwa kuruka, na utepe unachanika wote mpaka nchani. Fundichuma naye hujenga mwaka mzima: vijiti kwa maelfu, paa juu, tope kwenye njia ya kuingilia, na chochote atakachookota. Kiota cha jozi yetu kimefumiwa glavu ya mtoto, na hakuna aliyethubutu kwenda kuidai.

Sasa chakula, maana hapa ndipo ndege hufia kimyakimya. Kwezi wa Bali, tukani (ndege wa Amerika mwenye mdomo mkubwa) na hata shorobo miili yao hufyonza madini ya chuma kupita kiasi, yakajikusanya kwenye ini mpaka likaharibika. Kwa hiyo chakula chao cha tembe kinatengenezwa kwa chuma kidogo. Machungwa hawapewi, kwa sababu vitamini C huongeza ufyonzaji huo. Papai na tufaha wanapata. Wapo watunzaji wanaochanganya majani ya chai kwenye chakula. Mama yeyote aliyehudhuria kliniki ya wajawazito ataelewa: aliambiwa asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kinachokatazwa kwa mjamzito ndicho tunachokitafuta kwa kwezi.

Huyo kwezi wa Bali, mweupe pepepe mwenye ngozi ya buluu kuzunguka macho, ndiye ninayemlinda kwa wivu. Kwao ni kisiwa cha Bali tu, Indonesia, na mwaka 2001 porini walihesabika kama sita hivi. Wametafutwa sana kwa biashara ya ndege wa kufuga, kiasi kwamba mwaka 1999 wezi wenye silaha walivamia kituo cha kuwazalisha na kuondoka na karibu ndege 40. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa uhakika ukiwaangalia, hivyo tunapeleka unyoya maabara, kisha mratibu wa kitabu cha ukoo, kinachoandika wazazi wa kila ndege, anaamua nani aoane na nani kati ya bustani na bustani. Ndugu hawaozwi.

Wasomaji wa nyumbani hupenda kuniuliza kama hawa wa kwetu waliibwa. Tangu 2007 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuingiza ndege waliokamatwa porini. Kwezi maridadi wangu wametotolewa humuhumu, Serengeti hawaijui hata kwa ndoto. Babu zao ni habari nyingine, na si yote ya kujivunia.

Mkija, njooni asubuhi banda likifunguliwa, maana wakati huo wana njaa na madume wanaimba. Msitembeetembee. Simameni karibu na sahani za matunda, mkate mfukoni msiutoe. Na ulizeni kwanza kama tumefungua: homa ya mafua ya ndege ikizuka karibu, huenda mkakuta milango imefungwa, kwa kuwa kinyesi cha bata mwitu anayepita angani hupenya kwenye wavu wa paa.