Raba ya kukimbilia: bonyeza soli kabla ya kuuliza bei

Januari ikiingia, wanaojiandaa kwa mbio za Kilimanjaro za mwishoni mwa Februari huanza kufika kliniki yetu ya fiziotherapia wakilalamikia goti, ugoko au kano ya kisigino. Kabla sijashika mguu wa mtu, humwomba anivulie kiatu nikione.

Mama mmoja alivua raba ya mtumba iliyong'aa, kamba zimefuliwa zikatakata. Niliiweka mezani nikaitazama kwa nyuma: ikalalia upande wa ndani. Nikaibonyeza soli ubavuni kwa kidole gumba, ikagoma kubonyea. Sponji ya katikati, ile inayopokea kishindo, ilikuwa imeshakufa. Aliyeivaa mwanzo ndiye aliyeimaliza. Naye mama alikuwa ameongeza kilomita kwa pupa, kwa hiyo ugoko ukaelemewa mara mbili.

Sisemi mtumba usinunuliwe. Kwa wengi wetu ndiyo raba tunayoimudu, na nzuri zimo. Ila ijaribu kwa meza na kwa kidole, kisha ikunje. Kiatu kizima hukunjika pale vidole vya mguu vinapokunjikia. Kikikunjika katikati kama kandambili, kirudishe. Hata kipya huchoka, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 800. Ukikimbia kilomita 30 kwa wiki, hiyo ni miezi minne hadi sita.

Kununua nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako za mazoezi. Simama wima, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kucha zinazogeuka nyeusi baada ya miteremko mara nyingi zimegongana na kiatu kifupi.

Utaambiwa mwenye unyayo bapa ana kiatu chake maalumu. Wanajeshi wapya wa Marekani waliwahi kugawiwa viatu kwa umbo la unyayo, na majeraha hayakupungua kwa kiasi cha maana. Mimi huamini zaidi mguu wenyewe: kimbia nacho kidogo nje ya duka, na kikikukera hapo, kitakukera zaidi kilomita ya kumi.

Mwenye kano ya kisigino inayouma asikimbilie soli iliyo sawa mbele na nyuma, kwani huivuta kano na shavu la mguu. Kiatu ambacho kisigino chake kimeinuka milimita 8 hadi 12 kuliko mbele humpunguzia mzigo. Njia ya changarawe na matope inataka soli yenye meno. Zile raba nene zenye bamba la kaboni, ambazo World Athletics, shirikisho la riadha duniani, imeziwekea kikomo cha unene wa soli cha milimita 40 kwa mbio za barabarani, ni za siku ya mashindano. Anayeanza hazihitaji, na kwenye njia yenye mawe humyumbisha.

Ukija kliniki, njoo na raba zako za zamani pia. Usizioshe, tunataka kuona zilipolika.