Mtoto haoni jioni? Mlete leo kituo cha afya: maswali na majibu kuhusu upungufu wa vitamini A

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ni ukavu wa macho unaotokana na mwili wa mtoto kuishiwa vitamini A. Kwanza mtoto hushindwa kuona kwenye mwanga hafifu, kisha uso wa jicho hukauka, na mwisho konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, huota kidonda. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5.

Nitautambuaje mapema?

Mwangalie jua likizama. Mtoto aliyecheza mchana kutwa anakaa mahali pamoja, anapapasa, anajikwaa, haoni kitu ulichomwekea mbele yake. Wazazi wengi huniambia ana usingizi, au anaogopa giza. Haogopi giza, haoni! Dalili nyingine ni weupe wa jicho kupoteza mng'ao, na doa la kijivu lenye sura ya povu, mara nyingi upande wa jicho ulio karibu na sikio.

Mchana anaona vizuri. Nikisubiri kidogo kuna ubaya gani?

Usisubiri. Konea ikishakauka inaweza kulainika na kutoboka ndani ya siku chache, pengine ndani ya saa chache. Tena hutokea kimyakimya: jicho haliwi jekundu sana, na mtoto huenda asilie. Ndiyo maana nasikia kila mara, "Lakini halikuwa linamsumbua." Usisubiri siku ya kliniki. Usisubiri kuharisha kuishe. Usisubiri alie.

Anayeletwa akiwa na shida ya kuona jioni tu, akipewa dozi ya vitamini A, mara nyingi huanza kuona tena ndani ya siku moja au mbili. Anayeletwa konea ikiwa imetoboka, tunapigania uhai wake na jicho lililobaki; lile lililopasuka halirudi.

Uhai wake? Si ugonjwa wa macho tu?

Si wa macho tu. Mwili uliokosa vitamini A hauna nguvu ya kupambana na kuharisha, surua na maambukizi mengine. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watoto 250,000 hadi 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huu, na nusu yao hufariki ndani ya miezi 12 baada ya kupofuka.

Nimtie kwanza matone ya dukani au dawa ya majani?

Hapana. Upungufu uko mwilini, hakuna tone la machoni litakaloujaza. Maji ya majani, maziwa ya mama, asali, chumvi, hata mkojo: vyote hivyo watoto hutiwa kabla ya kuletwa, na vyote hupeleka vijidudu kwenye jicho lisilo na kinga. Matone yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, ni hatari zaidi, kwa sababu wekundu hupungua, mzazi akatulia, huku kidonda kinazidi kuchimba. Nakuomba, hata tone moja usitie, hata kama ni "wakati tunajiandaa kuja". Kama umeshatia, tuambie ni kitu gani. Hatutakugombeza, tunataka kujua la kufanya.

Akifika atapewa nini?

Vitamini A ya kumeza: siku ya kwanza, siku inayofuata, na tena baada ya wiki mbili. Kila dozi ni uniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Konea ikiwa na kidonda, huongezewa antibiotiki na jicho hulindwa lisibonyezwe. Usimwongezee dozi nyumbani, maana ikizidi ni sumu.

Je, nikimlisha karoti nyingi hatapona?

Chakula ni kinga. Mtoto ambaye haoni jioni anahitaji dozi leo, si karoti za wiki nzima. Ila kwa kuzuia, ndiyo: maziwa ya mama, maini, mayai, mboga za kijani kibichi, karoti, maembe mabivu, boga, na mafuta kidogo ili vitamini ifyonzwe. Ini huweka akiba, ndiyo sababu dozi ya kinga hutolewa kila baada ya miezi 4 hadi 6 mpaka afikishe miaka 5. Usiiruke.

Kama ana surua?

Mlete hata kama macho yake ni safi. Surua humaliza akiba ya vitamini A na kushambulia konea kwa wakati mmoja. Kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, na tukiona dalili machoni, dozi ya tatu. Chanjo ya surua nayo ni kinga ya macho.

Nimlete huyu mmoja tu?

Walete na ndugu zake wadogo. Wanakula chungu kimoja, na mara nyingi yule ambaye bado haonyeshi dalili naye akiba yake imekwisha.