Sheria ya Msamaria Mwema haisemi hivyo

Lori la shaba likianguka kwenye barabara ya Kasumbalesa, dereva akabanwa miguu ndani ya kabini, hapa Lubumbashi hakosekani wa kusema: "Docta alipita bila kusimama, si Kongo hatuna sheria ya Msamaria Mwema!" Jamani, mmeishika kichwa chini miguu juu.

Sheria hiyo ni kinga, basi. Docta au muuguzi asiye zamu akimhudumia mtu kwa dharura, kwa nia njema na bila malipo, hadaiwi fidia kwa kosa la kawaida. Uzembe mkubwa haumo. California ilianza nayo mwaka 1959, majimbo mengine yote ya Marekani yakafuata.

Waliihitaji kwa sababu walirithi sheria ya Waingereza, ambayo kwa kawaida haimlazimishi mpita njia kumwokoa asiyemhusu. Unaweza kumtazama mtu akizama, ukaenda zako. Ila ukimshika ukamwumiza, unashtakiwa. Aliyesimama alikuwa hatarini kuliko aliyepita, na kinga ikaja kuziba hapo. Vermont iliongeza wajibu wa kusaidia mwaka 1967. Anayeukwepa hutozwa faini isiyozidi dola 100, bei ya chakula cha jioni kwao.

Sisi tunaanzia ng'ambo ya pili, kwenye wajibu wenyewe. Kifungu cha 66 ter cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini, ilhali angeweza bila kujihatarisha yeye wala wengine. Kuita msaada nako ni kusaidia. Kifungu hakichagui docta wala muuza makala (mkaa).

Fidia ni habari nyingine. Vifungu 258 na 259 vya Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia vinasema aliyeleta hasara kwa kosa au uzembe wake ailipe. Hata hivyo, anayedai lazima athibitishe kosa, hasara, na kwamba hili limezaa lile. Ubavu uliovunjika docta akikandamiza kifua hautoshi peke yake.

Na yule wa zamu anayedai kosheni, yaani malipo ya awali, mlangoni kabla hajamgusa majeruhi? Huyo msimwingize kwa Msamaria kabisa. Yuko kazini, ana mshahara.

Kwa hiyo mkisema docta wetu hana kinga iliyoandikwa kama ya California, sawa, nitanyamaza. Ila kusimama, au walau kupiga simu, hilo alidaiwa.