Ushauri wa siri wa ufundishaji chuo kikuu: maana yake na namna unavyofanyika

Ushauri wa siri wa ufundishaji ni huduma anayoiomba mwalimu mwenyewe: mtu mwenye ujuzi wa kufundisha anaingia katika kozi yake, anawasikiliza wanafunzi, kisha alichosikia anampelekea mwalimu huyo peke yake. Si ukaguzi. Ripoti haifiki kwa mkuu wa kitivo wala haiwekwi katika faili ya kupandishwa cheo. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kina ofisi ya kazi hii tangu 1962, lakini si lazima kuwe na ofisi. Pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi nchini Kongo, profesa wa Sheria anaweza kumwomba mwenzake wa Agronomia. Asimwombe wa idara yake: anayekaa naye katika juri ya kutoa matokeo hataaminiwa na wanafunzi, na wana haki.

Njia inayojulikana zaidi ilibuniwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Kwanza mwalimu na mshauri wanakutana: kozi ina saa ngapi, wanafunzi wangapi, mwalimu anataka kujua nini. Siku ya kazi, mwalimu anatoka katika oditwari (ukumbi wa masomo) kwa dakika 25 hivi. Atoke kweli, akisimama mlangoni hakuna atakayesema. Wanafunzi wanakaa vikundi vya watu watano au sita na kujibu kwenye karatasi maswali matatu: nini kinatusaidia kujifunza, nini kinatukwamisha, nini kibadilishwe na kwa namna gani. Pale mabenchi yasiposogea, safu moja inageukia iliyo nyuma yake. Waachwe wazungumze Kiswahili hata kama kozi ni ya Kifaransa. Mshauri anaandika majibu ubaoni, kisha anauliza kwa kila jibu wangapi wanakubali. Hatua hiyo ndiyo inayotenganisha lalamiko la mtu mmoja na tatizo la darasa zima. Kisha ubao unafutwa na karatasi za vikundi zinabaki kwa mshauri, maana mwalimu aliyesahihisha mitihani anaijua miandiko ya wanafunzi wake.

Wakati nao una uzito. Kozi ya saa 45 inayotolewa mfululizo na profesa mgeni isikilizwe baada ya saa 15 hivi. Ikifika saa ya 40, waliosema hawatafaidika na chochote.

Siri nayo ina mpaka, na mpaka huo utajwe mapema, kabla mtu hajafungua mdomo. Mwanafunzi akisema kwamba pointi za mtihani zinatolewa kwa fedha au kwa ngono, hilo si jambo la ufundishaji, na mshauri hawezi kulificha kwa kisingizio cha siri. Ajue kabla ya siku hiyo mlalamikaji ataelekezwa wapi chuoni ili alindwe.

Mkutano wa pili ufanyike ndani ya siku chache. Mshauri anaanza na kinachokwenda vizuri, kisha wanachagua mambo mawili tu ya kubadilisha, kwa mfano kutoa silabasi (maandishi ya kozi) kabla ya somo, au kutua kila dakika 20 kwa maswali. Orodha ndefu haitekelezwi. Somo linalofuata, mwalimu anawaambia wanafunzi atakachobadilisha, asichoweza kubadilisha na kwa nini. Hapa ndipo wengi huharibu: ama wananyamaza, ama wanauliza, “Nani alisema hivyo?” Swali hilo moja linatosha kufunga midomo ya darasa mpaka mwisho wa mwaka.