Karoseli ya makocha: kwa nini vyuo vya Marekani vinabadilisha kocha msimu haujaisha

Kama unafuatilia futiboli ya Kimarekani, hii ya vyuo vikuu siyo ile ya NFL, yaani ligi ya kulipwa, kuanzia Oktoba utasikia watu wanaongelea karoseli ya makocha. Ni kile kipindi ambacho chuo kimoja kinamtimua kocha, kinaenda kumchomoa kocha wa chuo kingine, na hicho kilichochomolewa nacho kinamfuata mwenzake, hivyo hivyo mpaka vyuo vidogo kabisa, na mara nyingi mambo yanatulia Januari.

Swali ni kwa nini wasisubiri msimu uishe kwanza. Wengi wanasema ni tamaa ya hela, na hela kweli ipo nyingi, ila mimi naona tatizo kubwa ni kalenda. Zamani vijana wa sekondari walikuwa wanasaini na vyuo Jumatano ya kwanza ya Februari, kila kitu kimeshaisha. Mwaka 2017 wakaongeza dirisha la mapema la katikati ya Desemba, halafu 2024 wakalisogeza tena likawa wiki ya kwanza ya Desemba, mwaka huohuo ambao mtoano wa ubingwa ukaongezwa kutoka timu 4 mpaka 12 na fainali ikasogea mpaka ndani kabisa ya Januari. Yaani usajili umerudi nyuma, mechi kubwa zimeenda mbele, na kocha yuko hapo katikati. Chuo ambacho hakina kocha Desemba inapoanza kinapoteza vijana kiliowafuatilia miaka miwili mitatu, kwa hiyo ukiona mambo yanaharibika unamfukuza mtu mapema ili uanze kutafuta mwingine kabla ya wenzako.

Ndo maana Oktoba 2025 vibarua viliota nyasi kila wikiendi. Tarehe 12 Penn State wakamwondoa James Franklin, na hii ni timu iliyoanza msimu ikiwa namba 2 nchini. Tarehe 19 Florida wakamwondoa Billy Napier, na jana yake tu alikuwa ameshinda mechi! Tarehe 26 ikawa zamu ya Brian Kelly wa LSU (Chuo Kikuu cha Louisiana State), siku moja baada ya kupigwa 49-25 na Texas A&M, na kwa mkataba wake chuo kilikuwa bado kinatakiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 50.

Nafasi ya LSU ikawa wazi, na hapo ndo utaona kalenda inavyoumiza watu. Lane Kiffin alikuwa kocha wa Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, ameshinda mechi 11 amepoteza 1, timu inaenda kwenye mtoano wa ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Novemba 30 akatangaza anaenda LSU. Aliomba amalizie msimu na vijana wake, Ole Miss wakakataa, timu akapewa Pete Golding aliyekuwa kocha wa safu ya ulinzi. Siku ya kusaini ilikuwa Desemba 3, hebu fikiria wewe ni mtoto wa miaka 17 au 18, umekaa na mama sebuleni mnajiandaa kusaini, kocha aliyekuahidi nafasi kaondoka na una siku tatu tu za kuamua maisha yako.

Desemba 20 Ole Miss wakacheza na Tulane, ambao kocha wao Jon Sumrall naye alikuwa ameshachukuliwa na Florida, ila Tulane wakamwacha amalize kazi. Ole Miss wakashinda 41-10 na wakafika nusu fainali bila Kiffin, vijana wale wanastahili heshima kubwa sana kwa hilo.

Halafu kuna ile ya kuondokewa Januari, nayo ina maumivu yake. Nick Saban alistaafu Alabama Januari 10, 2024, siku mbili baadaye wakamchukua Kalen DeBoer wa Washington aliyekuwa ametoka kucheza fainali ya taifa wiki hiyohiyo, Washington wakamfuata Jedd Fisch wa Arizona, na kila chuo kilichoondokewa wachezaji wake walipewa siku 30 za kuhama wakitaka.

Kwa sasa dirisha la kawaida la wachezaji kuhama chuo limebaki moja tu, kwa 2026 lilikuwa Januari 2 mpaka 16, na lile la baada ya majira ya baridi limefutwa. Ni hatua nzuri. Ila siku ya kusaini bado ipo Desemba, na mimi nasema wairudishe Februari.