Rasiberi za manjano: zimeshaiva, na "kuzaa daima" si kuzaa mwaka mzima

Kila ifikapo mwisho wa Agosti, mgeni akiingia uani kwangu hapa Columbus, Ohio, Marekani, macho humwenda kwenye mstari wa rasiberi za manjano, na fito zake (ndivyo tunavyoyaita mashina yake membamba), ulio kando ya uzio, kisha huuliza: "Na hizi zitaiva lini?"

Zimeshaiva. Namwomba anyooshe mkono, ashike tunda kwa ncha za vidole na kulivuta taratibu. Likiwa tayari, linavuka kama kofia inavyovuka kichwani: ndani linabaki tundu, na kwenye kikonyo kinabaki kijiti cheupe chenye umbo la pia. Likikataa, liachwe mpaka kesho. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, kwa sababu rangi ya rasiberi ya manjano inawachanganya hata watu waliolima maisha yao yote. Jirani yangu, mama mmoja wa Uvira ambaye kwa lengalenga (mchicha) na maharage sijaona wa kumfikia mtaani kwetu, mwaka wake wa kwanza alisubiri zigeuke nyekundu mpaka zikaozea kwenye fito. Iliniuma, maana ningeweza kumwambia mapema.

Wekundu hauji. Rasiberi ya manjano na ile nyekundu ni mmea wa jamii moja. Tofauti ni hitilafu ndogo katika urithi wake inayoizuia kutengeneza anthosianini, ile rangi inayolipatia tunda wekundu. Kwa hiyo tunda hutoka kwenye kijani, hupauka, huwa manjano kama siagi, na likikaa mno huanza kupata rangi ya machungwa. Ukiiona rangi hiyo, ulile tunda siku hiyo hiyo. Wala hazikutokea juzi: Fallgold ilitolewa na Chuo Kikuu cha New Hampshire mwaka 1967, na Anne, ambayo ndiyo ninayolima, ilitoka Maryland mwaka 1998. Na usichume tunda gumu ukadhani litaivia kwenye bakuli kama embe au ndizi. Rasiberi haiivii ndani. Utamu iliotoka nao kwenye ufito ndio utakaoula.

"Imeandikwa inazaa daima, basi nitachuma mwaka mzima"

Hili ndilo lililowavunja watu moyo kuliko yote, na lawama naiweka kwenye jina lenyewe, "kuzaa daima" (kwa Kiingereza everbearing). Mtu aliyekulia penye mapapai na migomba akisoma kwamba mmea unazaa daima, anaelewa Januari hadi Desemba. Ananunua mche, anachuma Septemba, anakuta kimya Novemba, na mwaka unaofuata fito zinamkaukia Julai. Anang'oa, anasema ametapeliwa.

Hakutapeliwa. Hakuelezwa maisha ya ufito tu, na ukiyajua hayo, karibu kila swali la rasiberi linajijibu.

Mizizi ya rasiberi huishi miaka mingi. Ufito huishi miaka miwili. Kwa rasiberi za kawaida, ufito mwaka wa kwanza huota majani tu, mwaka wa pili huzaa, kisha hufa. Hizi zinazoitwa za daima zina haraka zaidi. Ufito uliochomoza ardhini mwezi Aprili huanza kuzaa kileleni mwaka huo huo, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka jalidi ya kwanza ya Oktoba. Sehemu ile ya juu iliyozaa hukauka. Ya chini, yenye macho ambayo bado hayajachipua, hulala wakati wote wa theluji na kuzaa Juni inayofuata. Baada ya hapo ufito mzima umemaliza kazi, unakufa, huku pembeni yake fito changa za kijani zikiwa zimeshafika kiunoni. Kwa hiyo kuzaa daima maana yake ni misimu miwili yenye pengo katikati. Ule ufito wa kahawia uliokauka Julai, gome likibanduka, haukuugua. Ukate, utoe nafasi.

Kutoka hapo inazaliwa dhana nyingine: kwamba ukikata fito zote mpaka chini umeua mmea. Kinyume chake, hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mwezi Machi, kabla macho hayajafunguka, unaweza kushika mkasi wa kupogoa na kufyeka mstari mzima, ukabakiza visiki vifupi kuliko kidole. Ukitazama siku hiyo utadhani umeharibu, maana hapabaki kitu. Mwezi Mei huwezi kupita katikati yake. Unachopoteza ni mavuno ya Juni. Unachopata ni mavuno mazuri zaidi ya vuli, yaani yale ya Agosti hadi Oktoba, magonjwa machache ya fito, na sungura wanaokosa cha kuguguna wakati wa theluji.

Ila usikate Oktoba, fito zingali na majani ya kijani, eti unasafisha bustani. Majani hayo bado yanapeleka chakula kwenye mizizi, na chakula hicho ndicho kitakachosukuma fito za mwaka ujao.

Mimi mstari wangu wa mita 6 nimeugawa: mita 3 nazifyeka kila Machi, mita 3 naziacha, nikikata ile sehemu ya juu iliyokauka peke yake. Sababu ya kuacha nusu ni inzi, nami nitamfikia.

"Ukipanda karibu na nyekundu, za manjano zitabadilika rangi"

Aliyeniambia hivi alikuwa mjomba wangu, kwa simu kutoka Njombe, na alisema kwa uhakika wa mkulima wa mahindi. Kwenye mahindi ana haki. Ukipanda mahindi meupe kando ya shamba la mahindi ya njano, utavuna magunzi yenye punje mchanganyiko mwaka huo huo, kwa sababu punje unayokula ni mbegu yenyewe, na mbegu ina baba na mama. Chavua ya jirani imeshaingia ndani ya chakula chako.

Rasiberi si hivyo. Unachokula ni nyama inayotokana na mama peke yake. Chavua ya nyekundu ikiangukia ua la Anne, kitakachochanganyika ni kile kimbegu kidogo kinachokwama kwenye meno, na tunda lenyewe litabaki manjano kama kawaida. "Shikamoo mjomba, kwa hili naomba tutofautiane," nilimwambia. Akacheka, akataka picha. Nilimtumia.

Lakini wapo wanaoapa kwamba mstari wao wa manjano umegeuka mwekundu, nao hawasemi uongo. Kilichotokea ni uvamizi. Mizizi ya rasiberi hutambaa chini ya ardhi na kutoa machipukizi mbali na mama, na ile nyekundu mara nyingi ni mkali zaidi. Anne hasa ni mvivu wa kuchipua, ndiyo maana miche yake hupandwa karibu karibu, kama sentimita 45. Baada ya miaka mitatu nyekundu imeshaingia nyumba ya watu. Acha mita kadhaa kati yao, na chipukizi lolote lililovuka mpaka ling'oe likiwa bado changa. Rasiberi nyeusi ziweke mbali kabisa. Hizo huumia haraka na virusi vinavyobebwa na vidukari, na za manjano zinaweza kuwa navyo bila kuonyesha dalili kubwa.

"Funza wanatokana na uchafu"

Siku moja unaleta bakuli mezani, mtoto anapiga ukelele. Ndani ya tunda zuri, lisilo na doa, mna kijidudu cheupe chenye urefu wa milimita 3 hivi. Watu huona aibu. Husema bustani yao ni chafu, au matunda yalikaa sana. Wengine huamini za manjano haziguswi kwa sababu inzi huvutwa na wekundu.

Inzi wa kawaida wa matunda, yule anayezunguka ndizi zilizoiva jikoni, kweli hufuata kilichokwisha kulainika. Huyu ni mwingine. Jina lake la kisayansi ni *Drosophila suzukii*, asili yake ni Asia, na Marekani bara alionekana kwanza California mwaka 2008 kabla ya kuenea nchi nzima. Dume ana doa jeusi kwenye kila bawa. Jike ana kifaa cha kutagia chenye meno kama msumeno, anachokitumia kukata ngozi ya tunda zima linaloanza tu kuiva. Usafi wako haumzuii kuja, na rangi ya manjano haimsumbui.

Jipime hivi. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, koroga kijiko kimoja kikubwa cha chumvi, tumbukiza matunda kumi na usubiri robo saa hadi nusu saa. Kama wamo, utawaona wakitoka na kuelea. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa nikitazama lile bakuli muda mrefu. Nilikuwa nimewalisha wageni matunda ya mstari ule ule jana yake. Kuwala hakudhuru, lakini haifurahishi.

Wengi hukimbilia dawa. Mimi siwashauri, kwa sababu rasiberi za vuli zina maua na matunda mabivu kwenye ufito mmoja kwa wakati mmoja, na utakachopulizia inzi kitampata pia nyuki. Wavu wenye matundu ya milimita 1 nao unamfungia nje nyuki yule yule. Kinachofanya kazi kwa bustani ya nyumbani ni mkono wako: chuma kila siku, au usipitishe siku mbili, chuma hata yaliyoharibika, na yaliyoanguka usiyaache chini wala usiyatupe kwenye mboji. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache juani. Yale mazuri yaingize kwenye friji papo hapo bila kuyaosha. Punguza fito ziwe kama 10 kwa kila mita ya mstari ili upepo na jua vipite, maana inzi huyu anapenda kivuli chenye unyevu.

Na Juni inzi hawa bado ni wachache mno. Ndiyo sababu ya zile mita 3 ambazo sizifyeki: mavuno yake ni madogo, lakini ni safi.

Mengine ninayoyasikia

Kwamba lazima upande aina mbili ili zizae: si kweli, mche mmoja unajichavusha. Ila nyuki wanahitajika sana, kwani tunda moja ni mkusanyiko wa vijitunda vingi, na kila kimoja kinahitaji chavua yake. Tunda linalomomonyoka vipande vipande mkononi aghalabu lilikosa nyuki, au mche una virusi.

Kwamba ndege hawazioni. Huchelewa kidogo, kisha huzizoea.

Kwamba manjano ni vitamini A, kama papai na embe. Nimesikia mama akimwambia mwanawe hivyo, na ilibidi nimnong'oneze. Rasiberi ya rangi yoyote ina vitamini A kidogo sana. Inachotoa kwa wingi ni nyuzinyuzi, kama gramu 6.5 katika gramu 100, pamoja na vitamini C. Kwa macho ya mtoto, papai liendelee.

Kwamba ni mmea wa majini kwa sababu unapenda maji. Unahitaji maji yanayofikia kama sentimita 2.5 kwa wiki, mizizi yake ikiwa juu juu, lakini ukisimama kwenye maji mizizi huoza na hakuna dawa ya kuirudisha. Udongo wako ukiwa mfinyanzi mzito kama wa kwangu, inua tuta, weka matandazo. Na usipande pale ulipokuwa na nyanya, viazi au biringanya miaka ya karibuni, maana huacha ardhini ukungu wa mnyauko unaoipata rasiberi pia.

"Nitumie mbegu nipande nyumbani"

Hili huja kila mwaka, na nyuma yake kuna dhana mbili zinazopingana: mmoja anasema rasiberi haiwezi kuota Afrika, mwingine anasema itaota hata Tanga mjini.

Ndugu zake wa porini, wenye miiba ile ile, wanaota Kilimanjaro na Usambara tangu zamani. Na hizi za msimu wa vuli zina faida huko kwetu: mavuno ya kileleni hayangoji zile saa nyingi za baridi kali ambazo rasiberi za kawaida huzihitaji ili zitoe maua. Kwa hiyo nyanda za juu zenye ubaridi zinafaa, na Kenya zinalimwa. Pwani joto litazilainisha na kuzichosha.

Lakini mbegu situmi. Mche wa mbegu haumrudii mama yake. Rangi yaweza kuja manjano, ila ukubwa na utamu ni bahati nasibu. Tena kuingiza mimea bila kibali ni kosa, na yule inzi wa msumeno ameshathibitishwa kuwepo Kenya, hivyo begi la mtu mmoja linaweza kumfikisha bonde ambalo bado hajalijua. Uliza miche iliyopimwa virusi, Kenya kupitia KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, Tanzania kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mitatu inatosha kuanzia, na kwa aina hizi utaonja matunda kidogo mwaka huo huo wa kwanza, kisha mwaka wa tatu utahitaji bakuli kubwa zaidi.