Uvimbe si uvimbe?

Juzi sokoni Darajani, Unguja, nilimkuta kijana anauza dawa ya majani ya mwarubaini, chupa imebandikwa karatasi: "Huondoa uvimbe. Imethibitishwa maabara." Mama mmoja wa makamo akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama inafaa kwa uvimbe wa kizazi. Kijana hakusita. "Uvimbe si uvimbe, bi mkubwa?"

Si uvimbe. Kinachopimwa huko maabara ni mchochota, yaani mwili kujihami palipoumia au palipoingiwa na kitu kigeni. Mishipa midogo ya damu hutanuka, maji huvuja, pakavimba, pakawa pekundu, pakashika moto, pakauma. Hayo tu.

Shida ni neno. Kitenzi kimoja, vimba, tumekitumikisha kila mahali: mguu umevimba, mtu kavimbiwa wali, mwengine kapewa cheo kavimba kichwa. Jina lake likawa uvimbe, liwe jipu, mguu ulioteguka au nyama iliyoota tumboni. Wala hatuko peke yetu. Katika karne ya kwanza Mrumi Celsus, aliyeandika juu ya tiba, alitaja dalili nne za mchochota, na moja aliiita tumor, ambayo kwa Kilatini ni kuvimba tu. Leo neno hilohilo madaktari wanaliitia nyama iliyoota. Lakini wenzetu walijiwekea neno jengine kwa ule mchochota, inflammation, lililotokana na flamma, mwali wa moto. Sisi la kwetu limo kwenye kamusi, limelala.

Tazama basi kinachofanywa hasa huko maabara. Panya hunyweshwa dondoo la majani, yaani dawa iliyotolewa ndani ya majani, kundi jengine maji matupu, jengine dawa inayojulikana kuzuia mchochota, kama indomethasini. Baada ya muda hupigwa sindano kwenye wayo wa mguu wa nyuma, mililita 0.1 ya karajinani. Hiyo karajinani hutolewa kwenye mwani mwekundu, ndugu wa huu wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani (kumbe mwani nao huvimbisha!). Mguu huchovywa kwenye kichupa, ikasomwa maji yamepanda kiasi gani, na kila saa hurudiwa. Kilele huwa baina ya saa ya 3 na ya 5. Jaribio hili mtafiti Winter na wenzake walilieleza mwaka 1962, na mpaka leo ndilo linalotumika sana.

Dondoo likisifiwa kuwa "limezuia kwa asilimia 50", maana yake mguu ule umevimba nusu ya mguu wa panya aliyepewa maji. Dawa ilitangulia, uvimbe ukafuata. Hapo hakuna kilichoondolewa. Na uvimbe aliouuliza yule mama, kwa kawaida, ni mafundo ya msuli wa mfuko wa uzazi, yanayokua polepole kwa kulishwa na homoni za kike. Mguu wa panya uliovimba mchana mmoja hauwezi kuyatolea ushahidi.

Sina ugomvi na mwarubaini. Bibi yangu alitukosha nao tulipopata tetekuwanga. Yule mama nilimuomba akapige picha ya altrasaundi kwanza. Kijana nilimwambia abadilishe maandishi, aseme "huzuia mchochota kwa panya". Akacheka, akanambia karatasi ndogo.

Nikamhesabia: mchochota limezidi uvimbe kwa herufi tatu tu. Zinaenea.